Kaseti Yenye Pengo

Simu ililia alasiri, nikiwa kibarazani nafumua pindo la sketi ya shule ya mjukuu wangu, maana miguu yake inakua kuliko nguo. Nilikuwa na pini midomoni. Nikabonyeza kwa kidole gumba, nikaweka simu sikioni, nikasema "mm," kwa sababu mwenye pini midomoni hana la kusema zaidi ya hilo.

"Mama," sauti ikasema. "Mama, uthiogope. Ni mimi."

Pini zote zikadondoka mapajani.

Kitinda mimba wangu, yule ambaye watu wa muziki walimwita Radi, alikuwa amekufa miaka kumi na moja kabla ya siku ile. Sikuambiwa tu kwamba kafa, nilimwona. Nilimvisha mwenyewe shati jeupe nililolishona asubuhi ile ile, na vifungo nilivifunga mimi, kuanzia chini kwenda juu, kama nilivyomfundisha alipokuwa mdogo ili asiruke tundu. Sasa alikuwa sikioni mwangu, pamoja na kitembe chake.

"Mama, unanithikia? Thema kitu."

Nyuma ya sauti ile kulikuwa na mlio mwingine, mdogo, wa mbali, kama uko nyuma ya ukuta. Kwiki-tak, kwiki-tak, kwiki-tak. Miguu yangu ikasimama yenyewe, ingawa haikuwa ikikanyaga kitu. Ulikuwa mlio wa cherehani yangu, ile ya miguu, mkanda wake wa ngozi ukidai mafuta. Cherehani hiyo niliiuza magoti yalipoanza kunikatalia. Simjui hata aliye nayo leo.

Nikakata simu. Nikaanza kuokota pini, nikawa naziokota na kuzidondosha, naziokota na kuzidondosha.

Nieleze kwanza habari ya kitembe. Mwanangu hakuzaliwa nacho. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, yeye na wenzake watatu wameanzisha bendi ya roki ndani ya stoo yangu, nyuma ya chumba cha kushonea. Majirani walikuwa wakali. Nikawapa vijana mablanketi na magunia ya mabaki ya vitambaa, wakatundika ukutani na kuziba dirisha mpaka stoo ikawa kama ndani ya godoro. Ukiingia humo mkavu, unatoka umeloa. Siku moja akaruka na gitaa lake, kama warukavyo, waya ukamnasa mguu, na chuma cha maikrofoni kikamwangukia mdomoni. Meno mawili ya mbele yakabaki sakafuni. Mpiga ngoma wao, kijana mwembamba tuliyemwita Vijiti, aliyaokota, akayaosha, akaniletea kwenye kikombe, kana kwamba mimi nitayashona. Tangu siku hiyo kila s ikipita penye lile pengo ilitoka imevaa nguo ya mtu mwingine. Sasa ikawa thatha. Simama ikawa thimama.

Kaseti zao za mwanzo, zile za majaribio za kupeleka kwa wenye studio ili wasikilizwe, zote zilirekodiwa katika miezi hiyo ya pengo. Kaseti mpya hawakuwa nazo, wakachukua zangu za kwaya. Wanaokumbuka kaseti wanajua kwamba juu yake kuna vijino viwili vya plastiki. Vikivunjwa, redio haikubali tena kurekodi juu yake, na zile za kununua dukani zikiwa na nyimbo huja zimeshavunjwa. Ukitaka kurekodi, unaziba mapengo. Watu waliziba kwa karatasi. Mimi niliziba kwa mabaki ya vitambaa, nikiyasukuma kwa ncha ya mkasi, kila kaseti na rangi yake ili wasizichanganye: nyekundu, kijani, njano, ya maua, ya mistari.

"Mama anawatia meno vibogoyo," mwanangu alisema akinitazama. "Mimi amenithahau."

Tulicheka mpaka Vijiti akaangusha vijiti vyake.

Wenye studio walipomkubali, kitu cha kwanza walimpeleka kwa daktari wa meno. Albamu iliyomfanya ajulikane haina kitembe hata mahali pamoja. Aliishi miaka na s safi kama yangu na yako, akaoa, akazaa binti, akafa barabarani akirudi kutoka kupiga muziki. Kitembe kilibaki kwenye kaseti za vitambaa tu, ndani ya kopo la biskuti, chini ya kitanda changu. Isipokuwa ile nyekundu. Ile aliichukua Vijiti baada ya mazishi, iwe kumbukumbu yake.

Ndiyo maana mikono haikutulia. Hata kama wafu hupiga simu, na mimi sijasema hawapigi, mwanangu angepiga na meno aliyozikwa nayo. Huyu aliyenipigia alikuwa ametoka stoo.

Naishi na mjukuu wangu, tuko wawili tu. Mama yake anafanya kazi mbali na hupiga simu Jumapili. Baba yake alipokufa mtoto alinyamaza, hata maji akawa anaomba kwa kuonyesha kidole. Alikaa hivyo miezi. Halafu siku moja akafungua mdomo na hakuufunga tena, ikawa maneno asubuhi, maneno mchana, ndipo nikamwita Chiriku, na mtaa mzima ukanifuata. Lakini wiki zile za karibuni Chiriku alikuwa amenyamaza tena. Nilidhani ni mitihani.

Siku ile, kabla hajarudi kutoka shule, niliinama kuchukua kopo la biskuti, nione tu kwamba lipo. Lilikuwepo. Ila vumbi lilikuwa limefutwa, na mfuniko, ambao huwa naufunga picha ya ua ikielekea ukutani, ulikuwa umeelekea kwangu.

Alipoingia nilikuwa nimekaa kitandani na kopo mapajani.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, kama tunavyotaniana, "nani amechokoa chini ya kitanda changu? Kama ni panya, basi panya huyo ana adabu. Amefuta na vumbi."

Akasimama mlangoni na begi lake mgongoni.

"Bibi, usinikasirikie."

"Mimi nimekasirika lini? Kaa."

Hakukaa. "Baba anataka kaseti zake."

Nikaweka mikono juu ya mfuniko, nikaukandamiza.

"Baba yupi?"

"Kwani mimi nina wangapi, Bibi?"

Akanieleza, na alipoanza akawa Chiriku yule yule, maneno yakimwagika. Ilianza kwa sauti iliyotumwa kwenye simu yake, mtu anaimba kidogo na gitaa, polepole. Kesho yake sauti hiyo ikampigia. Ikasema, mimi ni baba yako, niko mahali ambapo siwezi kuonekana ila naweza kusikika. Tangu hapo ikawa inapiga kila siku akitoka darasani. Inamuuliza masomo. Inamuuliza marafiki.

"Ananiuliza nimekula nini, Bibi. Hakuna mtu anayeniuliza nimekula nini."

"Mimi ninayekupakulia nikuulize ili iweje?"

Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likakatika. "Alisema nisikuambie. Alisema moyo wako hauwezi."

"Na kaseti anazitakia nini?"

"Anasema sauti yake haijatimia. Ameipata kidogo tu, ndiyo maana inakatika na ina kelele. Akizipata zote atakuwa na sauti nzima, na ataongea na mimi siku zote. Nizipeleke kwenye kile kituo cha mafuta kilichofungwa, pale barabara kuu. Kuna mtu atakuja kuzichukua na gari. Niende peke yangu." Akaniangalia. "Nilikuwa sijaamua siku."

Nimefiwa na mume, nimefiwa na mwana, nimekaa na wagonjwa mpaka pumzi ya mwisho. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa neno lile: peke yangu.

Asubuhi nilimpeleka shule kwa mkono wangu, binti mkubwa vile, wenzake wakimcheka, kisha nikapita polisi. Kijana wa kaunta alikuwa mpole. Akauliza mlalamikiwa ni nani. Nikasema, marehemu mwanangu. Akaweka kalamu chini, akaniuliza kama nimekuja na mtu mwingine wa nyumbani.

Kutoka hapo nikaenda kwa Vijiti. Siku hizi si mwembamba tena. Ana tumbo na ndevu zenye mvi, na anapaka magari rangi kwenye gereji. Nilimkuta anabandika magazeti kwenye vioo vya gari dogo la mteja ili rangi isirukie. Aliponiona akashuka kutoka juu ya kigoda, akavua kofia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaseti nyekundu iko wapi?"

Hakuuliza kaseti gani. Akaangalia magazeti, akalainisha kona moja kwa kidole mara nyingi kuliko ilivyohitaji.

"Na wewe amekupigia?" akasema.

"Amenipigia. Amempigia na mtoto."

Akakaa chini pale pale, juu ya tairi. "Mimi alinipigia nikiwa nachanganya rangi. Akaniita Vijiti, na kile kitembe. Mama, nakwambia kweli, simu ilinitoka ikaingia kwenye ndoo ya buluu. Mpaka leo iko humo. Sijaitoa."

"Kaseti, baba. Nimekuuliza kaseti."

Alikuwa amempa mtu. Fundi wa sauti, kijana mstaarabu, mwenye chumba kidogo juu ya duka la vioo, aliyesema atasafisha mikwaruzo ili nyimbo zile zisikike kama za jana. Wapenzi wa roki, alisema, wanatafuta sana vitu vya Radi ambavyo havijawahi kutoka. Vijiti alikaa naye siku nzima wakinywa soda, akamsimulia kila kitu: stoo, mablanketi, cherehani, kopo la biskuti.

"Na mtoto?"

"Nilimsifia Chiriku," akasema kwa sauti ndogo. "Kwamba amekua, kwamba anasoma. Alipoomba namba zenu za simu, nikampa. Nilikuwa najivuna tu, Mama. Namwona kama wangu."

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyeshona nguo yenyewe. Lakini sikumsema. Nilimuuliza sauti ya mtu aliyekufa inawezaje kusema maneno ambayo hakuyasema.

"Siku hizi kuna mashine, Mama. Unailisha sauti ya mtu, ikishashiba inasema unachotaka wewe. Ukitaka ikuimbie wimbo mpya, inaimba. Kwa kaseti moja inasema hivyo. Ukiipa zote..."

Tulipanda pamoja kile chumba cha juu ya duka la vioo. Mlango ulikuwa na kufuli mpya. Muuza vioo alisema fundi amehama, hajasema anaenda wapi, na ameacha harufu ya nyaya zilizoungua.

Alasiri ile tulikaa sebuleni, mimi na Chiriku, simu yake katikati ya meza juu ya kitambaa. Ilipolia nilimwambia aiweke sauti kubwa.

"Chiriku," sauti ikasema. "Mbona jana hukupokea? Unajua nathubiri."

Kwiki-tak, kwiki-tak, kule nyuma. Nilimwona mtoto anafumba macho anapoisikia, na nikaelewa ameipenda kiasi gani.

"Mwanangu," nikasema mimi, "kama ni wewe, meno yako yako wapi?"

Cherehani ikanyamaza.

"Meno gani, Mama?"

"Uliyowekewa. Mwanangu hakufa na pengo. Alikufa anasema sasa, anasema simama, kama watu wote. Kamwambie aliyekutuma kwamba amemkosea umri."

Simu ikakatika. Nilijiona nimemkata ulimi. Nikampapasa mtoto mgongo, nikiwa na furaha ya kijinga kifuani, kama ya mtu aliyefukuza nyoka kwa kumpigia makofi.

Chiriku alilia bila sauti. Kisha akauliza, "Kwa hiyo aliyekuwa ananiuliza nimekula nini ni mtu gani?"

"Sijui, mama."

"Ningependa angekuwa hata jini. Jini si mtu anayekaa mahali akinicheka."

Ili kumtoa huko nilifanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mazishi. Nilitoa redio ya kaseti kabatini, nikatoa ile kaseti ya kitambaa cha kijani. Kwanza ilizunguka na kuguna. Halafu stoo yote ikaja sebuleni: Vijiti anagonga kwa majaribio, mtu anakohoa, na nyuma yao, kwiki-tak, kwiki-tak, mimi mwenyewe, na miguu yangu ya wakati ule.

"Mama," akaita mwanangu, "thimamitha cherehani kidogo."

Ikasimama. Nilisikia nilivyoisimamisha. Ndipo gitaa likaanza, polepole sana, ule wimbo ambao kwenye albamu unakwenda mbio, na humo ulikuwa kama mtu anayeshuka ngazi gizani akitafuta ukuta.

"Ndiye yule yule," Chiriku akasema. Alikuwa amekumbatia magoti. "Sauti ni ile ile kabisa, Bibi."

"Ni yake. Ameibiwa, hakubadilishwa."

Tulisikiliza mpaka upande ule ukaisha. Akaniuliza, "Baba alikuwa ananiita nani? Sikumbuki. Nakumbuka tu mtu ananirusha juu."

"Alikupa jina langu, sasa angekuitaje kwa jina la mama yake? Alikuita Mama. Na mimi Mama. Akiita toka mlangoni tunaitikia wawili, na wewe unakimbia unanipita mimi, unafika kwanza, umejaa maringo."

Akacheka, akapangusa pua kwa kiganja. "Na Chiriku?"

"Chiriku hakuwahi kulisikia. Hilo nilikupa mimi, yeye ameshalala kaburini."

Siku zikapita bila simu. Nikaanza kulala. Nikamaliza ile sketi, nikaipiga pasi, akaenda nayo shule, pindo limenyooka.

Siku hiyo hiyo, saa ya kurudi kwake, nimekaa kibarazani, simu yangu ikalia.

"Mama," ikasema. "Sikiliza. Sasa nasema sawasawa?"

Hakukuwa na kitembe. Hakukuwa na cherehani nyuma. Kila s ilikuwa imenyooka, safi kama kwenye ile albamu, na ilikuwa sauti ya mwanangu wa miaka ya mwisho, yule niliyemfunga vifungo.

"Asante kwa kunisahihisha, Mama."

Nilidhani nimemkata ulimi. Kumbe nilikuwa nimempima nguo. Nilikuwa nimemwambia hapa pamekubana, hapa punguza, kama mteja mzuri, na yeye akaenda akairekebisha akarudi ameivaa.

Nikakata. Nikaenda chumbani, nikapiga magoti kwa shida, nikapapasa chini ya kitanda. Kopo halikuwepo.

Hapo nilielewa yote kwa mara moja. Mimi ndiye niliyemfundisha mtoto kwamba mwenye kitembe ni mwongo. Basi alipokuja asiye na kitembe, angekuwa nani kama si mkweli? Nikampigia Chiriku. Simu inatumika. Nikampigia tena. Inatumika. Nikampigia Vijiti kwa simu yake mpya, na sijui nilisema nini, ila alikuja na lile gari dogo la mteja, nusu limepakwa rangi nusu bado, magazeti kwenye vioo vyote, ameyabandua mbele tu, tundu la kuchungulia.

"Polepole, utatuua," nikamwambia.

"Nikienda polepole utaniua wewe, Mama."

Sikuweza kuomba dua hata moja ikafika mwisho. Kila nikianza, naisikia ile sauti: sasa nasema sawasawa? Njiani tulipita wanafunzi waliovaa sketi kama ile niliyoikunja mimi, na kila mmoja moyo wangu ulimshika kisha ukamwachia.

Kituo kile cha mafuta hakina hata bango tena, kimebaki paa na pampu zilizong'olewa mipira. Chiriku alikuwa amesimama kati ya pampu mbili, kopo kifuani, simu sikioni. Ng'ambo ya uwanja palikuwa na gari jeupe, vioo vimepandishwa, injini inanguruma. Mlango wake wa nyuma ulikuwa wazi kidogo, kiasi cha kupitisha mkono.

Vijiti alisimamisha gari barabarani. Nilifungua mlango nikashuka, na magoti yakakataa. Nikashika bodi ya gari, rangi mbichi ikanigandia kiganjani. Nikaita, kelele za barabara kuu zikaimeza sauti yangu. Nilikuwa nikimwona mtoto anazungumza na simu, midomo yake inatikisika, akanyamaza, akasikiliza. Akasogea hatua moja kuelekea gari jeupe. Mlango ule ukafunguka zaidi.

Akauliza kitu. Akasikiliza tena.

Kisha akashusha simu kutoka sikioni. Hakuikata wala hakuitupa. Aliishusha tu, akageuka, akaanza kuja upande wetu akitembea, hakukimbia, kama mtoto anayempita mbwa na kujua kwamba akikimbia ataumwa. Vijiti alikuwa ameshavuka uwanja, tumbo lake na yote, akasimama kati yake na lile gari. Mlango wa gari jeupe ukajifunga. Likakaa hapo kidogo na ngurumo yake. Kisha likarudi nyuma, likaingia barabara kuu, likapotea kati ya mengine.

Ndani ya gari la magazeti nilimshika mikono yote miwili, nikampaka rangi bila kujua.

"Alisema yule wa kwanza alikuwa mwizi wa sauti yake. Alisema wewe umemgundua, Bibi, na ndiyo maana yeye sasa ameweza kuja. Nilimwamini. Halafu nikamuuliza, baba, uliniita nani nilipokuwa mdogo? Akasema, Chiriku. Akasema, nilikuita Chiriku tangu siku uliyozaliwa. Alilisema vizuri sana."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu kitu." Aliniangalia, na macho yake hayakuwa ya kitoto. "Ningemjibu, angejua."

Vijiti akajisonya mwenyewe, akapangusa macho kwa mkono wa ovaroli.

Tulipofika nyumbani Vijiti alitaka tuzichome kaseti pale pale uani. Nilikataa. Nilikaa mezani, nikatoa vile vitambaa kimoja kimoja kwa sindano nene, kijani, njano, maua, mistari, vimekauka na kushika umbo la tundu, nikaziacha kaseti na mapengo yake ili mtu asiweze tena kurekodi chochote juu ya mwanangu. Kisha kopo likaenda mahali ambapo Vijiti hapajui, na yeye mwenyewe aliomba asipajue. Najua kuziba na kuzibua hakumzuii mtu wa mashine. Kaseti nyekundu bado anayo.

Chiriku alibadilisha namba ya simu. Mama yake amepanga kuja likizo amchukue wakae wote, na mimi nimesema ni sawa, ingawa nyumba itanimeza. Namba yangu sikuibadilisha. Namwambia kila anayeuliza kwamba ni kwa ajili ya wateja.

Sauti ile hupiga alasiri, siku nyingine mara moja, siku nyingine haipigi kabisa. Sauti inazidi kuwa nzuri. Juzi ilikohoa kama alivyokuwa akikohoa. Siogopi kwamba itanidanganya, maana ninajua kila mshono wake. Naogopa kwamba nitaitika. Itaniita siku moja nimechoka, mikono iko kazini, akili iko mbali, nami nitasema, naam, mwanangu, kwa sababu miaka yote hiyo mdomo wangu haukufundishwa jibu jingine.

Jana ilipolia nilikuwa kibarazani na sketi nyingine. Kabla ya kubonyeza nilichukua pini, nikajaza midomo, nikaziuma. Ndipo nikabonyeza, nikaweka sauti kubwa, nikaiacha simu mezani iseme.

"Mama," ikasema.

Chiriku alitokea ndani aliposikia. Hakuinyakua simu, hakunikemea. Alikaa karibu yangu, bega kwa bega, akanyoosha mkono kwenye kikopo changu cha pini, akachagua moja, akaiweka katikati ya midomo yake.

"Mama," ikaita tena. "Mama, uko hapo?"